Kupungua Si Kazi, Kazi Kubaki Umepungua

*Harusi, picha mbaya, maneno ya watu, majibu ya daktari. Kila mtu ana kilichomshtua mpaka akaanza kupunguza mwili. Lakini ni kipi kinamzuia asirudi alikotoka? Mhariri wetu alilikuta jibu kwa shangazi yake, Kibuta, wilayani Kisarawe.*

Kama hujawahi kucheza mdundiko, usijisifu kwamba una pumzi.

Mdundiko ni ngoma ya Wazaramo, na si ngoma ya kusimama mahali pamoja ukatikisa mabega. Ni ngoma ya kutembea. Wapigaji wanatangulia, wanawake wanafuata na kanga zao kiunoni, mnazunguka kijiji nyumba kwa nyumba mkiimba, vumbi hadi magotini. Hakuna kiti.

Jumamosi hiyo tulikuwa Kibuta, kwao baba yangu. Mjukuu wa shangazi alikuwa anatolewa mwali. Nilikuwa nimetoka Dar na viatu vya maana, miwani ya jua, na kilo zangu 82 kwenye urefu wa mita 1.60. Dakika kumi hazijaisha, nikajitoa pembeni. Nikashika mkorosho, nahema kama niliyefukuzwa na nyuki.

Nikiwa pale pale, shangazi akanipita. Ana miaka 66. Anaimba, anacheza, jasho linamtiririka. Akanitupia jicho, akacheka.

"Mwanangu, umechoka? Hata kwa mwenyekiti hatujafika!"

Jamani, niliona aibu. Lakini zaidi ya aibu, nilishangaa. Huyu ndiye shangazi ambaye miaka sita nyuma alikuwa hawezi kutoka chumbani hadi sebuleni bila kupumzika njiani. Alikuwa mnene kuliko mimi, ana sukari, mguu una kidonda kisichopona. Sasa ananiacha kwenye ngoma!

Usiku ule nikaapa sitaondoka Kibuta bila kujua alifanya nini. Ila kabla sijakusimulia ya shangazi, acha nianze na yangu. Nina hakika wengi wenu mtajiona humo.

Sababu iliyopita na harusi

Si kwamba nilikuwa sijui kupunguza mwili. Najua sana! Mwaka niliofunga ndoa nilipunguza kilo 11 kwa miezi mitatu. Asubuhi maji ya moto na limau, mchana supu ya kabichi, usiku kulala na njaa. Kila mkono ulipotaka kwenda kwenye andazi, niliwaza gauni la sendofu na kamera ya video. Fundi alilipunguza gauni mara mbili. Siku ya harusi nilikuwa bomba, na picha ninazo.

Basi bwana, harusi ikapita. Na sababu ikapita nayo.

Hakukuwa tena na gauni la kuwaza. Kukawa na chai ya wageni, wali wa nazi wa mawifi, chipsi mayai za saa tatu usiku mbele ya televisheni na mume wangu. Kisha mimba, kisha uji wa uzazi. Miaka minne baadaye zile kilo 11 zilikuwa zimerudi zote, na zimekuja na wageni.

Nimewauliza wenzangu ofisini na marafiki: nini kilikufanya uanze? Majibu yanafanana. Kaka mmoja alijiona kwa nyuma kwenye video ya harusi ya rafiki yake, akauliza, "Yule bonge ni nani?" Dada mwingine aliachwa na mchumba, akataka amwonyeshe kwamba amekosa kitu. Mwingine zipu ilimkatikia kwenye daladala. Mwingine alipimwa presha akaambiwa asiondoke kwanza, akae.

Sasa uliza swali la pili: mwili ulirudi? Hapo wengi hukohoa kidogo, wakaangalia pembeni.

Kwetu mwili ni salamu

Tuseme ukweli, mpenzi msomaji. Kwetu sisi kupunguza mwili ni kuogelea dhidi ya mkondo.

Ukienda kijijini umenenepa, unapokelewa kwa shangwe: "Umenawiri! Mjini kumekupenda!" Mwanamume akiota kitambi, watu wanasema mambo yake safi, na mkewe anasifiwa kwa kumtunza. Kwa Wazaramo, mwali wa zamani aliwekwa ndani miezi mingi, pengine miaka. Hakulima, hakuchota maji, jua halikumgusa. Alikula na kufundwa. Siku ya kutolewa, watu walitazama alivyojaa na ngozi inavyong'aa, wakajua kwao kuna chakula na kuna watu. Siku hizi shule imefupisha mambo, wengi huwekwa ndani wakati wa likizo tu. Huyu mjukuu wa shangazi Jumatatu alirudi darasani. Lakini jicho la kumpima mtu kwa unono wake bado tunalo.

Na wembamba nao una historia yake chungu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa Kagera, mwaka 1983. Kwa miaka mingi iliyofuata, kabla dawa hazijapatikana kwa wengi, kukonda kulikuwa taarifa. Mtu akipungua, majirani walinong'ona. Dawa za kufubaza virusi zimebadilisha hali hiyo kabisa, mtu anaishi na afya yake na mwili wake. Ila minong'ono haikufa. Punguza kilo tano tu leo uone. "Shosti, vipi, unaumwa?" "Ndoa inakutesa?"

Kwa hiyo utawaelewa watu wanaoanza kwa nguvu wakaishia njiani. Ukinenepa unasifiwa, ukipungua unapewa pole!

Wakati huo huo, takwimu hazitanii. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta mtu mzima 1 kati ya 4 Tanzania ana uzito uliozidi. Utafiti wa afya wa 2015-16 ukakuta hivyo kwa asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, na sisi wa mjini tulikuwa mara mbili ya wenzetu wa vijijini. Uzito ukizidi, presha, kisukari cha ukubwani na magonjwa ya moyo hupata njia rahisi.

Mwili wako unakukumbuka

Kuna jambo ambalo laiti ningelijua mapema lingeniondolea lawama nyingi. Kurudi kwa mwili si uvivu tu.

Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha kazi yao juu ya watu 50 wanene waliowekwa kwenye chakula kidogo sana kwa wiki 10. Walipungua kweli, kilo 13 hivi kwa wastani. Mwaka mmoja baadaye homoni zinazoamsha njaa bado zilikuwa juu, na zile zinazosema "nimeshiba" ziko chini. Mwaka mzima! Mwili unaamini ulipata njaa, unataka kurudisha akiba yake.

Hata hizi sindano za kisasa zinazovuma, kama semaglutide, zina kisa hicho hicho. Zinapunguza kweli, tena sana. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mwaka mmoja baada ya kuziacha, watu walirudisha theluthi mbili ya uzito waliokuwa wameupoteza.

Somo ni nini? Sababu ya miezi mitatu haiwezi kupigana na mwili unaokumbuka mwaka mzima. Unahitaji sababu isiyoisha. Na hapo ndipo shangazi anapoingia.

Kwenye baraza la shangazi

Kesho yake asubuhi nilimkuta barazani anachambua kisamvu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Miguu haijambo?"

"Shangazi, usinicheke. Hebu niambie ukweli. Ulikunywa nini?"

"Ninywe nini? Maji."

Akaanza kunisimulia. Mumewe alipofariki, mtoto wake wa kiume alimchukua akakae naye Dar. Kwa mapenzi kabisa. "Mama umelima miaka arobaini, sasa pumzika." Akapumzishwa kweli. Msichana wa kazi anafua, anapika, anamletea chakula alipokaa. Asubuhi chapati na chai ya maziwa, mchana wali, alasiri soda baridi na tamthilia. Hakuna shamba, hakuna kisima, hakuna jirani wa kumwambia hodi. Miaka mitatu tu, akawa kilo 91. Kikaja kidonda mguuni, hakiponi. Kupimwa, sukari iko juu.

"Daktari aliniambia, mama, punguza mwili, la sivyo mguu huu tutauongelea vingine. Nikaogopa, mwanangu! Wiki mbili sikugusa soda. Wiki ya tatu nikaigusa."

"Kwa nini, shangazi? Hofu iliisha?"

"Hofu haikuisha. Niliizoea. Kitu ukikiogopa kila siku, mwisho mnakaa nyumba moja."

Kilichombadilisha ni mjukuu. Binti alikuwa na miaka tisa, amekuja kumsalimia Dar. Amekaa mkekani, anachezea kidole cha mguu mzima wa bibi yake, akauliza: "Bibi, siku yangu nikitolewa, utacheza mdundiko?"

"Nikamwambia nitacheza. Halafu nikautazama mguu. Nikaona nimemdanganya mtoto."

Mwezi ule ule, kidonda kilipoanza kufunga, akamwomba mwanawe amrudishe Kibuta. Mtoto alikataa, akalia, watu wakadhani wamegombana. Akarudishwa. Shamba lake la mihogo liko mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Mara ya kwanza hakufika, alikaa chini ya mwembe njiani akarudi. Wiki iliyofuata aliuvuka mwembe. Chai akaipunguzia sukari kijiko kwa kijiko mpaka ikabaki chai. Soda aliacha. Ugali anakula, ila sahani imejaa kisamvu na matembele, na ugali umekaa pembeni kama mgeni. Vidonge vyake vya sukari hakuviacha, na kila mwezi anakwenda kwenye vipimo. Kwa mwaka mmoja na nusu alipungua kilo 15. Hazijarudi.

Nikamuuliza swali lililokuwa linanichoma, kwa sababu mimi naijua hadithi ya harusi.

"Sasa shangazi, mwali ametolewa. Ngoma umeicheza, imekwisha. Utarudi kwenye soda?"

Akacheka mpaka akaacha kisamvu.

"Ngoma niliiwaza mwaka wa kwanza tu. Sasa hivi nikikaa siku mbili sijaenda shamba, mwenzio naumwa. Na hata nikitaka kulala, wale wataniacha?"

"Wale" ni jirani zake wawili. Kila alfajiri wanapita mlangoni: "Hodi! Umeamka?" Huo ndio mpango wake wote wa mazoezi. Hakuna ada, hakuna mashine.

Kisha akanifanyia jambo ambalo mwanamke wa pwani hulifanya kwa mwanamke mwenzake tu. Akaingiza mkono chini ya kanga, akavuta kidogo uzi wa shanga kiunoni.

"Hizi nilizifunga siku niliyorudi kutoka Dar. Zilinikata, zikaniachia alama. Sasa zinacheza. Zikianza kunibana najua, sisubiri mtu aniambie. Watu watakusifia, watakusengenya, wote waongo. Shanga hazidanganyi."

Kinachokuanzisha, kinachokubakisha

Niliporudi Dar nilikaa na kitabu, maana mhariri ni mhariri. Nikakuta kuwa shangazi, bila kujua, anasema kinachosemwa na watu wengi waliofaulu huko mbali.

Marekani kuna daftari la kitaifa la watu waliopunguza mwili na kuuzuia usirudi, lililoanzishwa mwaka 1994 na watafiti Rena Wing na James Hill. Kuingia humo lazima uwe umepunguza angalau kilo 13.6 na kukaa nazo chini mwaka mmoja au zaidi. Wamejiandikisha watu zaidi ya 10,000. Kweli hao ni watu waliojitolea, na wengi ni wanawake wa Kimarekani ambao kisamvu hawakijui. Lakini tabia zao zinafundisha. Asilimia 90 wanafanya mazoezi, wastani wa saa moja kwa siku, na wengi wanatembea tu. Asilimia 75 wanajipima angalau mara moja kwa wiki. Hawasubiri nguo ibane.

Mwaka 2004 watafiti wa daftari hilo waliwauliza watu ni tukio gani lililowaanzisha. Asilimia 23 walitaja jambo la kiafya: maneno ya daktari, au mtu wa karibu kupata ugonjwa wa moyo. Asilimia 21 walisema walifikia uzito ambao hawajawahi kuufikia maishani. Asilimia 13 hivi walijiona kwenye picha au kioo. Na wale walioanzia kwenye afya ndio waliopungua zaidi, na katika miaka miwili iliyofuata walirudisha kilo chache kuliko wengine.

Kwa hiyo sababu ina uzito wake. Gauni lina tarehe ya mwisho. Mchumba aliyekuacha naye utamsahau, Mungu akijalia. Miguu yako utakuwa nayo kila siku.

Lakini sikiliza vizuri hapo. Shangazi aliambiwa ya afya na daktari, akarudi kwenye soda wiki ya tatu. Afya peke yake ni neno kubwa, halina sura. Alipolipa sura ya mjukuu na mdundiko, likamwamsha. Na lilipokwisha kumwamsha, lilimkabidhi kwa mambo mengine: njia ya shamba, majirani wa hodi, shanga kiunoni. Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Tunadhani hamasa ile ile ya siku ya kwanza itatubeba miaka kumi. Haitubebi. Kazi yake ni kukufikisha kwenye mazoea, na mazoea yakishika, hata siku usiyo na hamasa unajikuta umevaa raba.

"Unampungulia nani?"

Sasa tuje kwenye sehemu inayowahusu walio wawili.

Nilipoanza upya baada ya Kibuta, nilimficha mume wangu. Sikutaka anicheke kama mara zilizopita. Nikaanza kuamka saa kumi na moja kutembea, nikaacha chipsi za usiku, nikanunua raba. Wiki ya sita alinisubiri mezani, sura imemkauka.

"Mke wangu, naomba nikuulize. Unampungulia nani?"

Nilitaka kukasirika. Halafu nikamwelewa. Mara ya mwisho nilipopungua alikuwa yeye, bwana harusi. Sasa yeye yupo ndani tayari, mke anaamka gizani, nguo zinamlegea, hasemi kitu. Wewe ungewaza nini?

Nikamweleza ya shangazi. Mguu, mjukuu, kila kitu. Nikamwambia binti yetu ana miaka mitatu, na mimi nilishindwa ngoma ya dakika kumi. Akanyamaza. Akasema neno ambalo wanaume wengi husema, na wanalisema kwa upendo: "Mimi nakupenda ulivyo."

"Najua," nikamjibu. "Basi nipende hivyo hivyo tukitembea wote."

Haikuwa sinema. Siku ya kwanza alikuja na simu mkononi, analalamika. Ila kuna jambo nililiona: tulikuwa hatujaongea dakika arobaini mfululizo, bila televisheni, tangu mtoto azaliwe. Tukiwa barabarani Tabata usiku, ndipo aliponiambia kwamba baba yake alifariki kwa presha akiwa na miaka 52, na kwamba yeye mwenyewe anaogopa kupima. Miaka yote ya ndoa sikulijua hilo. Tulikwenda kupima pamoja. Kitambi chake, ambacho tulikuwa tunakiita cha mafanikio, sasa tunakiita kwa jina lake.

Wapenzi wasomaji, sufuria ni moja. Mmoja akila kabichi na mwingine akiletewa kiepe mezani, atashinda kiepe. Si lazima mwenzako apungue kama wewe. Lakini lazima ajue kwa nini unapungua. Usipomwambia sababu, ataitunga yake.

Ukitaka kuanza, anzia hapa

Mimi si daktari. Haya ndiyo yaliyonisaidia, nikiyapatanisha na ushauri wa wataalamu.

*Pima kwanza.* Chukua uzito wako kwa kilo, gawa kwa urefu wako kwa mita, gawa tena kwa urefu huo huo. Ikifika 25 uzito umezidi, ikifika 30 ni unene wa hatari. Mimi nilikuwa 32. Pima na presha na sukari. Kama unatumia dawa au ni mjamzito, usianze lolote kabla ya kuongea na daktari.

*Andika sababu yenye sura.* Usiandike "nataka kuwa mwembamba." Andika nani, wapi, unafanya nini. "Nipande ngazi za ofisini nikiongea." "Nicheze kwenye harusi ya binti yangu."

*Lenga kidogo.* Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba watu walio kwenye hatari ya kisukari, wakilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari hiyo ilishuka kwa asilimia 58. Kwangu mimi asilimia 7 ni kilo 6 tu. Si lazima uwe mwanamitindo.

*Anza na vya kunywa.* Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vidogo kama tisa. Vijiko tisa kwenye chai ungeshangaa, kwenye soda tunasema ni kiburudisho.

*Tafuta watu wa hodi.* Dar ina vikundi vya joging kila kona, wanakimbia alfajiri wakiimba kama mchakamchaka wa shuleni. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Lakini hata jirani mmoja anatosha. Ukijua kuna mtu anakusubiri getini, kitanda hakikushiki.

*Uwe na shanga zako.* Mizani mara moja kwa wiki, suruali moja isiyonyooka, mkanda, chochote kisichokusifu wala kukutukana. Kilo mbili zikirudi, shughulika nazo zikiwa mbili.

*Kimbia dawa za vichochoroni.* Chai za kuharisha, vidonge visivyo na maelezo, mafuta ya kuyeyusha tumbo. Kinachotoka kwa chai ya kuharisha ni maji, na utayanywa tena jioni.

Na mimi je?

Miezi kumi na minne imepita tangu ule mkorosho uniokoe. Nimetoka kilo 82 nikafika 73. Desemba ziliongezeka mbili, kati ya pilau za sikukuu na safari za ukweni. Zamani ningesema basi, imeshindikana, lete chipsi. Safari hii nilirudi barabarani Januari, taratibu, na zikaondoka. Bado kwa hesabu ya daktari uzito wangu umezidi kidogo. Sina tatizo. Napanda ngazi hadi ofisini nikiongea na simu.

Mwezi uliopita tulirudi Kibuta, mimi, mume wangu na binti yetu. Kulikuwa na harusi nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi, na mdundiko ukaamka alasiri. Nikafunga kanga kiunoni, nikaingia. Mama mmoja wa makamo akanishika mkono, akanikagua juu hadi chini, sura imejaa huruma.

"Mwanangu, mbona umekonda hivyo? Unaumwa?"

Kabla sijafungua mdomo, shangazi akajibu kutoka mbele, hata hakugeuka.

"Haumwi huyo. Anajifunza ngoma."

Tukafika kwa mwenyekiti. Tukapita.

Na wewe, mpenzi msomaji, ngoma yako ni ipi?